Kompyuta Mpakato Haichaji: Jinsi ya Kupima Tundu la Kuchajia Hatua kwa Hatua

Maswali kuhusu kompyuta mpakato isiyochaji hufanana mno. Mtu hueleza kwamba amechomeka chaja na taa haiwaki, au inawaka na kuzimika, kisha anauliza: je, tundu la kuchajia limekufa, na je, ni lazima libadilishwe? Nimeamua kuandika jibu refu kwa sababu wengi huagiza tundu jipya kabla hawajapima chochote, wakafungua kompyuta iliyokuwa nzima, wakavunja vikamatio vya plastiki pembezoni, na mwisho wakagundua kuwa kilichokatika ni waya wa chaja.

Umeme hutoka kwenye soketi ya ukutani, ukapita kwenye waya wa kwanza hadi kwenye adapta, ukatoka kwenye adapta kwa waya wa pili hadi kwenye pini ya chaja, ukaingia kwenye tundu, ukafika kwenye bodi kuu (ubao wa ndani unaobeba vifaa vya kompyuta), na kutoka hapo ukagawanywa kati ya kompyuta yenyewe na betri. Tundu ni kituo kimoja tu katika safari hiyo, na kila kituo kingine kikiharibika huleta dalili zinazofanana na za tundu bovu. Kwa hiyo tutaanzia ukutani na kuelekea ndani, bila kuruka kituo. Nakusihi ufuate mpangilio huo hata kama una hakika kwamba unajua tatizo liko wapi.

Kwanza tambua aina ya tundu lako. Kompyuta nyingi hutumia tundu la duara, ambalo mara nyingi lina sindano nyembamba katikati, na nyingine hutumia USB-C, yaani tundu dogo bapa lenye ncha za mviringo, ambalo pini yake huingia upande wowote. Zipo pia zenye pini inayonata kwa sumaku. Hizo hukaguliwa kama za duara, ila uangalie zaidi chembe za chuma zinazonaswa na sumaku.

Vitu vya kuandaa

- Tochi yenye mwanga mkali. Ya simu inatosha.
- Kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, na mswaki mkavu wenye nywele laini.
- Alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, pamoja na pamba ya masikio.
- Chaja nyingine unayojua kuwa ni nzima, inayolingana na kompyuta yako.
- Multimita, yaani ile mita ya mafundi ya kupimia volti. Ya kawaida kabisa inafaa.
- Bisibisi ndogo ya nyota na kadi laini ya plastiki, iwapo utafika hatua ya kufungua.

Hali ambazo hupaswi kuendelea

Ukiona kompyuta imevimba upande wa chini, au padi ya mguso inayotumika badala ya kipanya imeinuka, au mfuniko haufungi sawasawa kama zamani, betri huenda imejaa gesi. Usiichaji, usiibonyeze, na usijaribu kuitoboa. Ipeleke kwa fundi. Vilevile, kama kuna harufu ya kuungua au kimiminika kimemwagika juu ya kompyuta, usichomeke chaja "kujaribu tu". Maji peke yake huenda yasiharibu bodi kuu kwa haraka, lakini maji yakikutana na umeme hufanya hivyo kwa muda mfupi sana.

Hatua za kufuata

1. Nakili mafaili yako muhimu sasa hivi. Kama betri ingali na chaji, hata asilimia 15, itumie kuhamishia kazi zako kwenye diski ya nje au flashi. Kompyuta isiyochaji ina saa chache tu za kuwaka, na ni uchungu kuzitumia zote kutafuta tatizo, kisha ikazimika na kazi ya miezi imo ndani.

2. Anzia ukutani. Chomeka kitu kingine, kwa mfano taa, kwenye soketi ileile ili kuhakikisha kuwa ina umeme, kisha chomeka chaja moja kwa moja kwenye soketi bila kupitia ekstensheni. Halafu angalia mahali ambapo waya wa ukutani unaingia kwenye adapta. Waya huo kwa kawaida huchomoka, na hulegea polepole bila kuonekana. Usukume kwa nguvu ya wastani mpaka usikie umekaa. Hatua hii hupuuzwa kwa sababu ni nyepesi mno, nami sijui hatua nyingine inayoponya kompyuta nyingi kuliko hii.

3. Soma lebo ya adapta. Tafuta mstari wa umeme unaotoka, wenye volti na ampea. Ukizidisha namba hizo mbili unapata wati: volti 19.5 mara ampea 3.34 ni takriban wati 65, na volti 19 mara ampea 4.74 ni takriban wati 90. Linganisha na maandishi yaliyo chini ya kompyuta. Kwa chaja za tundu la duara, volti zinapaswa kuwa zilezile zilizoandikwa kwenye kompyuta, ilhali ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi. Kompyuta huchukua kiasi inachokihitaji tu. Ampea zikiwa pungufu, kompyuta inaweza kukataa kuchaji, au ikachaji pale tu ilipozimwa.

   Kwa watumiaji wa USB-C, kosa la kawaida ni kutumia chaja ya simu. Chaja ya wati 18 huingia vizuri kwenye tundu, lakini haitoshi kwa kompyuta inayotaka wati 65. Waya nao una kikomo: waya wa kawaida wa USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na ukitaka zaidi ya hapo unahitaji waya wa ampea 5.

4. Zima kompyuta, chomoa chaja, kisha umulike ndani ya tundu. Usifanye haraka hapa. Kwenye tundu la duara, sindano ya katikati inapaswa kusimama wima katikati kabisa. Iliyoinama hata kidogo itagonga ukingo wa pini ya chaja kila unapochomeka, na siku moja itakatika. Angalia rangi ya chuma: kinachong'aa ni kizima, ilhali weusi au plastiki iliyoyeyuka pembeni ni alama ya mguso mbovu uliokuwa ukitoa cheche. Kwenye USB-C, kuna ulimi mwembamba katikati ya tundu wenye mistari midogo ya rangi ya dhahabu juu na chini. Ulimi huo ukiwa umepasuka au umelala upande mmoja, tundu limekufa na hatua ya kusafisha haitasaidia.

   Mulika pia pini ya chaja yenyewe. Wengi hukagua tundu kwa dakika kumi na kusahau kwamba nusu nyingine ya mguso imo mkononi mwao.

5. Safisha. Betri ikiwa ya kuchomoka, ichomoe. Tumia kijiti cha mbao kuvuta uchafu kuelekea nje, polepole, ukipita pembezoni mwa ulimi au sindano bila kuisukuma. Ndani ya USB-C, nyuzi za nguo na vumbi hushindiliwa kila unapochomeka waya, mpaka zikawa kitu kama kipande cha kitambaa kilichokazwa mwishoni mwa tundu. Ndiyo sababu pini huishia njiani na kuacha upenyo mwembamba ambao zamani haukuwapo. Kipande hicho kikitoka, utasikia pini ikiingia na kutoa mlio mdogo wa kukaa. Malizia kwa mswaki mkavu, na kama kuna utando wa mafuta au kutu, lowesha ncha ya pamba kwa alkoholi, ikamue, na upanguse. Subiri dakika 15 ikauke.

   Usitumie sindano ya kushonea, pini ya nguo, wala kipande chochote cha chuma. Kompyuta ikiwa imezimwa, betri bado ina umeme, na chuma kinachounganisha miguso miwili kinaweza kuunguza kitu kwenye bodi kuu. Usipulize kwa mdomo pia, kwa kuwa pumzi ina unyevu.

6. Tofautisha waya na tundu. Chomeka chaja na utazame taa ya kuchaji. Kwanza, shika pini isitikisike kabisa, kisha ukunje waya taratibu karibu na pini, halafu karibu na adapta. Taa ikizimika na kuwaka, waya umekatika ndani. Tundu lako halina kosa. Pili, fanya kinyume: acha waya utulie na uisogeze pini kidogo juu, chini na pembeni ndani ya tundu. Taa ikibadilika sasa, tundu limelegea au miguso yake imechoka. Kosa kubwa ni kutikisa vyote kwa pamoja, kwani hapo hutajua ni kipi kilichosababisha.

   Ukigundua kuwa inachaji pini ikiwa imeinuliwa kwa upande, usizoee kuiegemeza kwa kitabu au kuifunga kwa utepe. Mguso uliolegea hupata joto, joto hulegeza zaidi lehemu iliyoshika tundu, na tundu ambalo lingebadilishwa peke yake huishia kung'oka pamoja na njia za umeme za bodi kuu. Niliwahi kuletewa kompyuta iliyochajiwa hivyo kwa wiki kadhaa. Plastiki ya tundu ilikuwa imekuwa kahawia, na bodi iliyokuwa chini yake ilikuwa imeanza kupasuka matabaka. Nilisikitika, kwa kuwa mwenyewe aliona dalili mapema na alidhani ameokoa kitu.

7. Pima chaja kwa multimita. Weka mita kwenye volti za umeme mnyoofu (DC), kiwango cha 200. Kwa pini ya duara, waya mwekundu wa mita uguse ndani ya duara na mweusi uguse chuma cha nje. Namba inapaswa kukaribia sana ile ya lebo, na itulie hata ukikunja waya. Chaja nyingi za duara za Dell na HP zina sindano nyembamba katikati ya pini, inayotumika kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Usiiguse pamoja na chuma cha ndani ya duara kwa ncha moja ya mita, maana unaweza kuharibu sehemu hiyo ya utambulisho.

   Usipime chaja ya USB-C kwa njia hii. Chaja hizo hazitoi umeme mpaka zitambue kifaa upande wa pili, hivyo mita itasoma sifuri hata chaja ikiwa nzima. Kuna vipimaji vidogo vinavyochomekwa kati ya waya na kompyuta na kuonyesha volti: vikibaki kwenye volti 5 wakati kompyuta yako inahitaji 20, chaja na kompyuta hazijaelewana, na mara nyingi sababu ni waya au miguso ya tundu.

   Chaja inaweza kusoma volti sahihi ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka pale kompyuta inapoanza kuvuta umeme. Kwa hiyo ushahidi wenye nguvu kuliko wote bado ni kujaribu chaja nyingine nzima.

8. Ondoa umeme uliobaki ndani. Zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri ikiwa ni ya kuchomoka, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Rudisha kila kitu na ujaribu. Kidhibiti kinachosimamia kuchaji wakati mwingine hukwama baada ya umeme kukatika ghafla, na hatua hii hukianzisha upya.

9. Kagua mipangilio na afya ya betri. Kompyuta nyingi za sasa zina mpangilio unaozuia betri isivuke asilimia 60 au 80 ili idumu. Mtu akiuwasha bila kukumbuka, huona maneno kwamba kompyuta imechomekwa lakini haichaji, akalilaumu tundu. Katika Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `powercfg /batteryreport`, kisha ufungue faili litakaloundwa. Linganisha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo wa sasa ikijaa. Betri iliyoundwa na uwezo wa mWh 50,000 (mWh ni kipimo cha umeme ambao betri hutunza) na sasa hujaa kwa 12,000 imechakaa, na tundu jipya halitaifufua.

10. Fungua, ikiwa tu hatua zote zilizotangulia zimeelekeza kwenye tundu. Tafuta kwanza maelekezo ya modeli yako kamili. Toa skrubu za chini na uzipange juu ya karatasi kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, kwa sababu urefu wake hutofautiana, na skrubu ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa bodi. Pitisha kadi ya plastiki pembezoni bila kulazimisha. Jambo la kwanza baada ya kufungua ni kuchomoa kiunganishi cha betri. Usiguse kingine chochote kabla ya hapo.

    Sasa tazama tundu limeungwaje. Katika kompyuta nyingi zenye tundu la duara, tundu huwa na nyaya fupi zinazoishia kwenye kiunganishi kinachochomekwa kwenye bodi kuu. Hakikisha kiunganishi hakijalegea, kisha weka mita kwenye alama ya mlio (hapo mita hulia ncha zake zikigusa vitu vilivyounganika) na upime kutoka kwenye kila mguso wa tundu hadi ncha ya waya wake. Mlio usiposikika, au ukakatika unapotikisa waya, umepata ubovu wako. Pima pia kati ya chanya na hasi za tundu: mlio wa kuendelea hapo una maana kuwa umeme umepata njia ya mkato, na hupaswi kuchomeka chaja tena mpaka ipatikane.

11. Badilisha, au mpelekee fundi. Tundu lenye nyaya na kiunganishi unaweza kulibadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Linganisha la zamani na jipya kabla ya kulifunga: unene wa sindano, idadi ya nyaya, umbo la kiunganishi na urefu wa waya. Pitisha waya katika njia ileile ya zamani, la sivyo utabanwa na bawaba ya skrini na kukatika tena.

    Tundu lililolehemiwa kwenye bodi kuu ni jambo jingine. USB-C ina miguso 24 iliyosongamana katika nafasi ndogo kuliko ukucha, na kuitoa kunahitaji mashine ya hewa moto, darubini na mkono uliozoea. Hapa nakushauri bila kusita umwachie fundi wa bodi, na umweleze matokeo ya vipimo vyako vyote.

Ukikwama: dalili na maana yake

*Taa ya adapta huzimika mara tu unapochomeka kwenye kompyuta.* Adapta inajilinda dhidi ya njia ya mkato, iliyo ndani ya tundu au kwenye bodi kuu. Usirudierudie kuchomeka.

*Kompyuta inafanya kazi ikiwa na chaja, lakini betri haipandi.* Umeme unaingia, kwa hiyo sehemu kuu ya tundu ni nzima. Kwa Dell na HP, shuku ile sindano ya utambulisho, hasa kama unapowasha kompyuta unaona onyo kwamba aina ya chaja haijulikani. Kwa nyingine, rudi hatua ya 9.

*Inachaji ikizimwa tu.* Chaja ina wati chache, au si ya kompyuta hiyo.

*USB-C inachaji pini ikiwa upande mmoja, ukiigeuza haichaji.* Safu moja ya miguso ina uchafu au imeharibika. Safisha tena; isipobadilika, tundu linahitaji kubadilishwa.

*Tundu moja la USB-C linachaji, jingine halichaji.* Si kila tundu la USB-C hupokea umeme. Tafuta alama ya betri au plagi pembeni mwake kabla ya kudhani limeharibika.

*Inachaji kwa dakika chache kisha inaacha.* Gusa eneo la tundu. Likiwa la moto kupita sehemu nyingine zote, mguso ni mbovu, acha kulitumia. Joto likiwa la kompyuta nzima, iache ipoe, kwa kuwa betri za lithiamu huzuiwa kuchaji zikiwa na joto kali.

*Nimebadilisha tundu na bado haichaji.* Hakikisha kiunganishi cha tundu na cha betri vimeingia hadi mwisho. Vyote vikiwa sawa, fyuzi ndogo iliyo kwenye bodi karibu na kiunganishi cha tundu inaweza kuwa imeungua. Ipime kwa alama ya mlio, betri na chaja zikiwa zimechomolewa.

*Nimemaliza kufunga na kompyuta haiwaki kabisa.* Baada ya betri ya ndani kuchomolewa na kurudishwa, baadhi ya kompyuta haziitikii kitufe cha kuwashia mpaka chaja ichomekwe kwanza. Chomeka, subiri dakika moja, kisha bonyeza.